Kabla ya Sanduku, Keria

ZUHURA: Karibuni tena. Mimi ni Zuhura, niko na Salum kama kawaida, na leo tunazungumzia masanduku ya safari ya pikipiki, haya ya kuchomeka na kuchomoa. Unafika unakolala, unachomoa, unaingia nayo ndani.

SALUM: Na swali tunaloulizwa sana ni moja: ninunue sanduku gani? Mimi huuliza kwanza, pikipiki yako inaruhusiwa kubeba kilo ngapi?

ZUHURA: Umeanza kuwanyima watu raha mapema hivi, kaka?

SALUM: Bora nianze mimi kuliko fremu. Fungua kitabu cha pikipiki, tafuta uzito wa juu unaoruhusiwa kwa jumla. Toa uzito wa pikipiki yenyewe ikiwa na mafuta tanki zima. Kinachobaki ndicho chako. Tuseme jumla ni kilo 400, pikipiki ni 220. Zimebaki 180. Dereva na mavazi yake 90, abiria 65. Zimebaki 25.

ZUHURA: Halafu keria, yale mabomba yanayofungwa kwenye pikipiki kushika masanduku, nayo ina uzito wake.

SALUM: Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Keria ya chuma na masanduku mawili ya alumini, yakiwa matupu kabisa, yanafika kilo 15 kirahisi. Sasa hema, zana na nguo za watu wawili zinaingia kwenye kilo 10?

ZUHURA: Haziingii. Basi abiria apande basi.

SALUM: (anacheka) Au ununue mifuko laini. Tutafika huko.

ZUHURA: Tuanze na keria, maana ndiyo inayobaki kwenye pikipiki siku zote. Sanduku unalichomoa, keria huichomoi. Nunua iliyotengenezwa kwa modeli yako na mwaka wake. Modeli ikibadilishwa taa ya nyuma au ekzosi, matundu hayakai tena mahali pake.

SALUM: Na mfumo wa kufungia. Hata ndani ya kampuni moja haviingiliani vyote. GIVI, ile ya Italia aliyoianzisha Giuseppe Visenzi mwaka 1978, wana Monokey na Monolock. Sanduku la Monokey halikai kwenye bati la Monolock. Ukinunua sanduku la mtumba, uliza hilo kabla ya kuuliza bei.

ZUHURA: Kwenye kufunga sasa. Fundi mwenye haraka anaingiza bolti ya kwanza na kuikaza palepale. Akifika ya nne, tundu limepishana kwa milimita 5, anachukua nyundo.

SALUM: Nyundo!

ZUHURA: Nimeiona kwa macho yangu. Utaratibu ni huu: bolti zote zinaingia kwanza kwa vidole tu, nyuzi chache, keria ikiwa inacheza. Upande wa kulia, upande wa kushoto, na lile bomba la nyuma linaloziunganisha. Unasimama nyuma unatazama kama zimelingana. Ndipo unakaza kidogo kidogo, unahama upande hadi upande. Na bushi, vile vibomba vifupi vya kuachia nafasi vinavyokuja pamoja na keria, si za ziada. Ukiacha moja, keria inavuta fremu upande mmoja daima, na siku moja kiungo kinapasuka.

SALUM: Tia na gundi ya kuzuia bolti kulegea, ile inayofunguka kwa spana ya kawaida. Nguvu ya kukaza ifuate karatasi ya mtengenezaji. Kwa kawaida bolti ya milimita 8 inaishia karibu niutoni-mita 25, ya milimita 6 karibu 10. Hiyo ya 6 ukiikaza kwa hasira inakatikia ndani.

ZUHURA: Ukimaliza, chomeka sanduku, lishike kwa mikono miwili, ulitikise kwa nguvu. Pikipiki nzima itikisike nalo. Sanduku likicheza peke yake, hata kidogo, kile kishikio hakijakaa. Barabara ya mashimo itakimaliza.

SALUM: Sasa ekzosi. Pikipiki nyingi ekzosi iko upande mmoja, kwa hiyo sanduku la upande huo linasukumwa nje au linakuwa jembamba. Ujazo hautalingana, lakini uzito ulinganishe. Vitu vizito vikae chini na mbele, karibu na miguu ya abiria.

ZUHURA: Si kwenye boksi la nyuma.

SALUM: Boksi la nyuma ni la koti la mvua na mkate, basi. Liko juu, tena nyuma ya ekseli. Ukilijaza zana, gurudumu la mbele linapungukiwa uzito na usukani unaanza kucheza ukiongeza mwendo. Soma kibandiko cha ndani. Kuna kikomo cha kilo, na mara nyingi kikomo cha mwendo pia, kama kilomita 120 kwa saa.

ZUHURA: Mzigo ukishakaa, ongeza ugumu wa springi ya nyuma, ongeza upepo wa tairi kulingana na kitabu, na taa ya mbele ishushe. La sivyo unawapofusha wanaokuja.

SALUM: Haya, mifuko laini. Mimi niko upande wake, hasa njia za mchanga na matope. Ukishusha mguu kujizuia huku pikipiki bado inasogea, sanduku gumu linakuja kugonga ugoko kwa nyuma. Watu wamevunjika miguu hivyo.

ZUHURA: Kwenye lami mimi nabaki na sanduku. Linafungwa kwa ufunguo, mvua haiingii. Mfuko mtu anaukata kwa wembe.

SALUM: Kweli. Na mfuko unasogea. Uufunge, ukae kitini, mtu mzito akae nyuma yako, kisha mtu wa tatu aangalie kama haugusi tairi wala ekzosi. Ncha za mikanda zikunje uzifunge. Ncha moja ikiingia kwenye cheni, gurudumu la nyuma linajifunga ghafla.

ZUHURA: Kabla ya safari kubwa, zunguka siku moja na mzigo kamili, kisha pitia bolti zote tena kwa spana. Upime na upana. Kuna masanduku yanayozidi usukani, na ukipita katikati ya magari unakumbuka usukani tu.

SALUM: Mwisho kabisa, ufunguo wa akiba. Usikae ndani ya sanduku.

ZUHURA: Nani anafanya hivyo?

SALUM: Muulize fundi yeyote wa kufuli, dada.