Jazba ya nani?

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie hisia, na neno lenyewe linabeba mengi: mtu anahisi baridi, anahisi njaa, anahisi jirani kamwibia kuku. Hayo nayaacha. Nataka ile hisia tunayoitaja tukitaka kumnyamazisha mtu.

Mnakijua kikao cha wazazi shuleni. Mama anasimama kuulizia madawati: michango ilitolewa muhula uliopita, watoto bado wanakaa sakafuni. Sauti inampanda, risiti zinamtetemeka mkononi. Mwenyekiti, kwa upole kabisa: "Mama, tusiongee kwa jazba." Watu wanaguna, ajenda inayofuata. Na madawati je?

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliieleza hasira kuwa ni hamu ya kulipiza, yenye maumivu ndani yake, ya mtu anayeona amedharauliwa pasipo haki. Hapo ndani mna madai, na madai hukaguliwa. Nikisema nahisi baridi, huna la kunibishia. Nikikasirika kwamba umenidharau, unaweza kunionyesha kuwa hukunidharau.

Wapo walioona vingine. Mwanasaikolojia Mmarekani William James aliandika mwaka 1884 kwamba hatulii kwa sababu tuna huzuni, bali tuna huzuni kwa sababu tunalia. Mwili ndio unaotangulia. Kwetu hilo si geni, maana roho huchafuka, damu huchemka. Lakini mwaka 1927 Mmarekani mwenzake Walter Cannon, mtaalamu wa utendaji wa mwili, alimpinga: mabadiliko yale yale ya mwilini hutokea katika hisia zilizo mbali kabisa. Na kweli, moyo hudunda kwa hofu, hudunda kwa mapenzi, hudunda hata ukikimbilia daladala. Ukimpima yule mama mapigo ya moyo hutajua kama ameogopa au amekasirika. Sharti umuulize kuna nini.

Huenda amekosea, sikatai. Huenda fedha ziko kwa seremala anayesubiri mbao. Basi aonyeshwe hesabu. Kuambiwa ana jazba si hesabu.

Tena mwenyekiti naye ana hisia zake. Utulivu ule tunaouita busara ni wa mtu asiyeona kilichoharibika, na pengine mwanawe anasoma kwingine, kwenye dawati. Mbona yeye hatumwambii apunguze utulivu?

Haya, maswali. Anayetaka kuuliza kwa sauti ya juu, aulize.