Gari Haijajaa: Haji Akesha na Soketi

NASRA: Asalaam alaykum wapenzi wetu. Leo mwenzangu mkimsikia anapiga miayo msimlaumu mtoto. Mtoto analala vizuri kuliko babake.

HAJI: Waalaykum salaam. Mtoto hana soketi.

NASRA: Haya, tua mzigo.

HAJI: Yule mteja wangu mnamjua, wa hoteli ya kaskazini, wa "fanya haraka lakini taratibu." Kazi yenyewe ndogo. Programu niliyoiandika kwa lugha ya Java iko hotelini, inafungua soketi ya TLS, yaani njia ya mawasiliano iliyofungwa kwa siri, mpaka seva ya mjini, inachukua mikondo miwili, mmoja wa kupeleka na mmoja wa kupokea. Inaandika orodha ya wageni wa siku, inangoja jibu kwamba imepokelewa. Jumanne saa tatu usiku nikaiwasha. Kimya.

NASRA: Kosa gani ilitoa?

HAJI: Lau ingetoa kosa ningesujudu. Haikutoa hata herufi. Seva inasema imeunganishwa, mie nasema nishaandika. Yeye ananingoja, nami namngoja. Maharusi wenye haya!

NASRA: Mpaka saa ngapi?

HAJI: Mpaka adhana ya alfajiri. Sikuweka kikomo cha muda wa kusoma, na Java usipoiwekea hukaa inasoma mpaka kiyama.

NASRA: Na najua ulianza kulaumu cheti, kile kitambulisho cha seva.

HAJI: Saa mbili nzima nakichambua! Na cheti hakina hatia. Ujue, ukifungua ule mkondo, Java bado haijapeana mikono na upande wa pili, yaani hawajajuana wala kukubaliana siri. Inangoja usome au uandike kwanza. Basi maandishi yangu yamekwama kwenye bafa, pale yanapokusanywa kabla ya kutumwa, lakini nilipoanza kusoma jibu, mikono ikapeanwa, cheti kikakubaliwa, kila kitu kinaonekana salama. Salama, lakini hakuna kilichokwenda.

NASRA: Kwa sababu bafa haijajaa.

HAJI: Bafa ya kawaida ya Java ni baiti 8,192. Orodha yangu ilikuwa kama 400.

NASRA: Khaa! Kumbe ulipanda daladala ya 502.

HAJI: Usianze.

NASRA: Naanza! Ile gari ya chai maharage ya Bububu, Unguja. Abiria kashakaa, mapaja yamebanwa na kapu la mtu, nauli mkononi, anadhani safari imeanza. Konda yuko chini anaita "mmoja tu, mmoja tu." Na huyo mmoja keshapanda mara sita.

HAJI: Wallahi ndivyo. Nikaongeza mstari mmoja, flashi, na wale wasikilizaji wetu wawili wasije wakanitumia picha za flashi ya kuchomeka kwenye kompyuta. Flashi ya kusukuma kilichomo bafani. Konda akagonga bati, gari ikaondoka. Tangu siku hiyo nimeapa, kila mstari nikiandika, flashi.

NASRA: Kila mstari?

HAJI: Kila mgeni.

NASRA: Haji yakhe, hapo umetoka kwenye kukwama ukaingia kwenye israfu. Kila ukisukuma, TLS inafunga rekodi yake, yaani kifurushi kimoja chenye lakiri. Kwa TLS 1.3 na usimbaji wa AES-GCM, kila rekodi inaongezewa baiti 22 za kichwa na lakiri. Rekodi moja inaweza kubeba mpaka baiti 16,384, weye unampakia mgeni mmoja wa baiti 30. Gari zima, abiria mmoja, na kuku wake.

HAJI: Na anafika.

NASRA: Kwa bando la hoteli! Nani analipa mafuta?

HAJI: Nasra, weye kwenu Wete, hujawahi kungoja gari ya Bububu jua la saa saba. Mtu anayengoja hajali mafuta.

NASRA: Sijawahi? Juzi nimekaa mpaka barafu ya samaki wa jirani yangu imeniingia kiatuni. Na bado nasema gari ijae, kwa sababu kila moja ikiondoka na mtu mmoja, hiyo barabara hutapita.

HAJI: Zamani Bububu palikuwa na treni. Reli ya 1905. Saa ikifika inaondoka, umo au humo, shauri yako.

NASRA: Sasa hapo umenisaidia. Sukuma kwa saa, si kwa kila kichwa.

HAJI: Sikukusaidia. Treni imekufa, daladala ipo.

NASRA: Ipo kwa sababu inajaza!

HAJI: (anacheka) Hiyo nakataa. Na kuna kitu umekisahau. Hata nikisukuma, TCP, ile inayobeba data chini ya TLS, ina konda wake. John Nagle, 1984, alishaweka utaratibu wa kuzuia vipande vidogo mpaka vilivyotangulia vijibiwe. Basi msongamano wangu uko wapi?

NASRA: Nagle anazuia pakiti, hafungui rekodi zako. Zimeshatiwa lakiri kabla ya kumfikia. Baiti 22 zimo humo kila moja. Tena ukiwa na haraka ndiye unayemzima, kwa hiyo usimlete hapa kuwa shahidi.

HAJI: Sijamzima.

NASRA: Utamzima Ijumaa.

HAJI: Mie nilikesha, Nasra.

NASRA: Ulikesha kwa kukosa flashi moja mwisho wa orodha. Moja! Si mia.

HAJI: Na orodha ikikatika katikati, umeme ukaenda? Za nyuma zimekwama bafani, zimepotea. Zangu zimefika.

NASRA: Nusu orodha imefika. Mapokezi wanadhani hoteli ina wageni wanane.

HAJI: Wanane ni bora kuliko sifuri.

NASRA: Si bora, ni uongo.

(Wote kimya.)

NASRA: Tuliahidi mambo matatu. Nani afungue mkondo kwanza, nani aufunge, na jina la kwenye cheti. Zimebaki dakika mbili, chumba kina wenyewe saa kumi.

HAJI: La jina, fasta.

NASRA: Ile soketi ya Java ikiachwa peke yake inaangalia kama cheti kimetiwa saini na mtu unayemwamini. Haiulizi kama jina lililomo ni la seva uliyoiendea. Mpaka uiagize. Ni kama mtu kapiga hodi, umeuliza nani, kajibu "mimi." Umeiagiza ya hoteli?

HAJI: Tulisema wiki ijayo tutazungumzia...

NASRA: Haji.

(Mlango unagongwa.)

SAUTI: Hodi!

HAJI: Nani?

SAUTI: Mimi!

NASRA: Usifungue!

HAJI: Nishafungua. Ni wenye chumba.