Kura Sita za Usiku wa Manane

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Mliponialika nizungumzie siasa za Marekani, nadhani wengi wenu mlitarajia nianzie Washington. Leo nataka twende mahali padogo kabisa: Dixville Notch, kitongoji cha milimani kaskazini mwa jimbo la New Hampshire, si mbali na mpaka wa Canada.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 2024, watu sita walikusanyika sebuleni. Saa sita ilipotimia wakapewa karatasi, wakapiga kura, wakazitumbukiza sandukuni. Dakika chache baadaye matokeo yakatangazwa: Kamala Harris wa chama cha Democratic 3, Donald Trump wa Republican 3. Kituo kikafungwa, na nchi kubwa ile bado imelala.

Sheria ya jimbo ndiyo inayoruhusu hivyo: kituo chaweza kufungwa mapema endapo kila aliyejiandikisha amekwisha kupiga kura. Shikeni neno hilo, *kila*. Akikosekana mmoja, amelala au amesafiri, waliobaki hawawezi kufunga. Mimi nimesimama foleni za uchaguzi tangu alfajiri, nimeona majina yasiyo na wenyewe yakibaki kwenye daftari, na ndiyo maana sebule ile inanigusa.

Hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1948, huko Hart's Location katika jimbo hilohilo, wafanyakazi wa reli walitakiwa kuwa kazini kabla ya vituo kufunguliwa, ndipo wakaamua kupiga kura usiku. Dixville Notch wakaanza mwaka 1960, wakiongozwa na Neil Tillotson, mwenye kiwanda cha bidhaa za mpira na mmiliki wa hoteli ya Balsams. Uchaguzi kwa uchaguzi, mzee huyo ndiye aliyetumbukiza kura ya kwanza. Alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 102.

Sasa, waandishi wa habari wamekigeuza kitongoji hiki kuwa ubao wa ramli. Nawaomba msiifuate ramli hiyo. Mwaka ule wa kwanza Nixon alipata kura 9, Kennedy hakupata hata moja, na Kennedy ndiye aliyekuwa Rais. Mwaka 2016 Hillary Clinton alipata 4, Trump 2, na Trump ndiye aliyekuwa Rais.

Tazameni jambo jingine: idadi. Mwaka 2008 Barack Obama alipata kura 15 na mpinzani wake wa Republican, John McCain, 6, mara ya kwanza kwa mgombea wa Democratic kushinda hapo tangu 1968. Jumla kura 21. Mwaka 2012 zilikuwa 10, tano kwa tano. Mwaka 2020 zilibaki 5. Watu walikwenda wapi? Hoteli ya Balsams ilifungwa mwaka 2011. Ajira ilipoondoka, watu nao waliondoka. Tunaposema eneo fulani "limebadili msimamo", tuulize kwanza kama waliobadilika ni watu, au ni daftari.

Na hoteli haikuwa peke yake. Dixville Notch iko katika kaunti ya Coos, nchi ya misitu na viwanda vya karatasi. Kiwanda cha kusaga mbao za karatasi mjini Berlin kilifungwa mwaka 2006, cha Groveton mwaka uliofuata. Kaunti hiyo ilimpa ushindi Obama mwaka 2008 na 2012, kisha ikampa Trump mara tatu mfululizo. Sisemi kwamba kiwanda kikifungwa leo kesho mtu anahama chama. Obama mwenyewe alishinda huko viwanda vikiwa vimeshafungwa. Uchungu wa namna hiyo hukaa muda mrefu kabla haujapata mgombea wa kuubeba.

Lakini hata uchungu hauelezi yote. Jirani na Dixville kuna Millsfield, nako walikuwa wakipiga kura usiku. Mwaka 2020, usiku uleule, Dixville walimpa Joe Biden kura zote 5. Millsfield wakampa Trump 16 na Biden 5. Misitu ni ileile, baridi ni ileile.

Nimalizie kwa hesabu ndogo, ambayo kwangu ndiyo kiini cha mhadhara huu. Januari 2024, katika kura ya mchujo ya Republican, yaani ya kumpata mgombea wa chama hicho, wote sita walimchagua Nikki Haley, mpinzani wa Trump ndani ya chama. Sita kwa sita, maana yake siri ya kura hakuna tena: kila mmoja anajua mwenzake kafanya nini. Wanne walikuwa wamejiandikisha kama wanachama wa Republican. Wawili hawakuwa na chama, na sheria ya New Hampshire inawaruhusu watu wa aina hiyo kuchagua mchujo wa kushiriki.

Novemba, daftari likiwa bado na wanne na wawili, matokeo yakawa tatu kwa tatu. Pigeni hesabu. Hata kama wale wawili wasio na chama wote walimpigia Harris, bado kura moja inabaki, na hiyo lazima iwe ya mwana Republican. Kuna mtu pale aliyevuka mstari wa chama chake akiwa katikati ya majirani watano wanaomfahamu vizuri, kura zikahesabiwa mbele yake, na hakuna aliyeweza kumnyooshea kidole kwa hakika, kwa sababu safari hii siri ilikuwepo. Mtu huyo sitaki hata kumjua jina. Nafurahi kwamba karatasi yake ilihesabiwa.