Kuumbuka kwa mhusika

M1: Haya karibuni tena jamani, leo tunaongea aibu, yaani aibu kwenye riwaya, inavyomgeuza mhusika. Na dada hapa kanipigia usiku kabisa eti kuna neno moja limemkosesha usingizi.

M2: Eeh kaka, neno kuumbuka. Tunalisema kila siku, fulani kaumbuka, lakini hebu litazame. Funga, fungua. Ziba, zibua. Umba... umbua. Yaani anayekuumbua anakufumua, anarudisha nyuma kule kuumbwa kwako! Sasa mimi naona waandishi wazuri ndo wanachofanya, wanamuumbua mhusika mapema kabisa halafu kurasa zote zilizobaki ni yeye anahangaika kujiumba upya mwenyewe, na mara nyingi anajiumba vibaya.

M1: Hapo kwenye kujiumba vibaya ndo napapenda, manake wengi wanadhani mhusika kukua ni lazima mwishoni awe mtu mwema.

M2: Wala. Mchukue Pip wa Charles Dickens, kwenye Great Expectations, 1861. Mtoto wa kijijini, kalelewa na dada yake na shemeji yake Joe, mhunzi. Anaitwa nyumba ya kitajiri akacheze karata na Estella, yule msichana anamcheka, jinsi anavyoziita karata, mikono yake ilivyo migumu, mabuti yake mazito. Basi, ni hivyo tu. Hakuna aliyempiga. Lakini kabla ya siku ile Pip hakuwahi kuionea aibu mikono yake.

M1: Na angalia tunavyosema, kuona aibu. Kuona! Aibu inataka jicho. Pip kaazima jicho la Estella na harudishi.

M2: Harudishi kaka! Miaka inapita, kapata hela, yuko London anaishi kibwana, siku moja Joe anakuja kumtembelea. Kavaa nguo za heshima zinazomkataa mwilini, kaishika kofia kwa mikono miwili, anaiweka juu ya meko ya ukutani inadondoka, anaiokota anairudisha, inadondoka tena. Na anamwita Pip "bwana", huyo huyo aliyemlea. Na Pip anakiri kwamba kama pesa ingeweza kumzuia Joe asije, angelipa. Mimi pale lazima nifunge kitabu kwanza nipumue.

M1: Inauma kwa sababu Joe hajakosa chochote. Na hapo ndo naona aibu na hatia zinapoachana, hatia ni ya tendo, kuna pa kwenda kuitua, unaomba radhi, unalipa, yanaisha. Sasa aibu ya kuwa wewe ni wewe unamwomba radhi nani? Kwa hiyo unaficha, na huko kuficha ndo kunakojenga tabia.

M2: Ndo maana Hester na yule mchungaji Dimmesdale, wa Hawthorne kwenye The Scarlet Letter, wametenda kosa moja, uzinzi, lakini wanatoka watu tofauti kabisa. Ya Hester imeshonwa kifuani, herufi nyekundu, kila mtu anaiona na miaka inavyokwenda anasimama nayo. Ya mchungaji imefichwa na inamla ndani kwa ndani.

M1: Sasa nipe nafasi na mimi nimseme Okonkwo, wa Achebe, Things Fall Apart, 1958. Nilipomsoma shuleni nilimwona mkatili tu basi. Nimerudi kwake ukubwani nikakuta kumbe yote inaanzia utotoni, mtoto mwenzake alimwambia baba yako ni agbala. Agbala ni mwanamke, na pia mwanamume asiye na cheo chochote. Babake Unoka alikuwa mtu wa filimbi na madeni. Basi Okonkwo akachukia kila alichopenda babake, mpaka upole.

M2: Na Ikemefuna.

M1: Na Ikemefuna, yule kijana aliyekaa kwake miaka mitatu akawa anamwita baba. Kijiji kimeamua kijana auawe, na mzee Ezeudu anakuja kabisa kumwonya Okonkwo, usitie mkono wako kwenye kifo cha mtoto huyu. Wanafika porini, kijana anapigwa panga la kwanza, anamkimbilia Okonkwo anamlilia baba wameniua, na Okonkwo anachomoa panga lake anammaliza. Achebe anasema wazi kwa nini, aliogopa kuonekana dhaifu. Kuonekana, dada. Wale wanaume wengine wako pale wanatazama.

M2: Yaani aibu ilishamla haya yake. Manake haya ni kitu kizuri, mtu mwenye haya anasikia neno la mzee, anazuia mkono wake. Okonkwo hakubakiwa nayo pale.

M1: Na wala hakuwa jiwe, ndo kinachoniuma. Baada ya pale anakaa siku mbili hali chakula, anakunywa tembo tu toka asubuhi mpaka usiku, kijana hamtoki kichwani. Unafikiri sasa atalia, sasa atalainika. Badala yake anajisuta, anajiambia umekuwa mwanamke.

M2: Subiri... neno la yule mtoto mwenzake.

M1: Lile lile. Sasa hivi anajiita mwenyewe.