Mstari wa Mafuta Ndani ya Goti
(Mhadhara kwa watumishi wa vituo vya afya, Mbeya)

Waganga wenzangu, wauguzi, nanyi wa chumba cha eksirei, nawashukuru mliotoka Tukuyu, Chunya na Mbarali katika baridi hii ya Julai. Muda wangu ni mfupi, kwa hiyo nitakaa kwenye picha moja tu: picha ya goti ya ubavuni, inayopigwa mgonjwa akiwa amelala chali na mwali wa eksirei ukipita mlalo.

Katika kiungo cha goti hukutana mfupa wa paja, mfupa wa muundi na pia ya goti. Fibula, ule mfupa mwembamba wa upande wa nje, haiingii katika kiungo hicho, ingawa wengi wetu tulijibu kinyume chake kwenye mtihani. Uso wa juu wa muundi, unaobeba uzito wote wa mwili, ni ganda jembamba la mfupa lililofunika mfupa laini wenye vitundu vilivyojaa uboho, na uboho una mafuta.

Sasa mfikirieni dereva wa bodaboda aliyegongwa na bampa ya gari pale Uyole. Pigo hutoka nje, goti husukumwa kwenda ndani, na mfupa wa paja hukandamiza upande wa nje wa muundi hadi ganda lile likadidimia. Kwenye picha ya mbele ufa huo unaweza usionekane, kwa kuwa uso wa muundi umeinama kidogo kwenda nyuma na kingo zake hufunikana. Lakini damu na mafuta ya uboho vimekwisha kuvuja ndani ya kiungo. Mgonjwa akitulia chali kwa dakika kadhaa, mafuta hupanda juu ya damu, sawasawa na mnavyoyaona juu ya supu ya makongoro, na kwa kuwa huzuia mionzi kidogo kuliko damu, kwenye picha huwa meusi zaidi. Mpaka kati yao huonekana juu ya pia ya goti kama mstari ulionyooka kabisa. Ukiuona, hesabu kwamba kuna mfupa uliovunjika ndani ya kiungo hata kama hujaupata, kisha mpeleke mgonjwa kwenye kipimo cha CT, yaani eksirei inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka.

Mwali ukishuka wima kutoka juu, mstari huo haupatikani, kwa sababu mafuta na damu hupandana katika kivuli kimoja. Ndiyo maana fomu iliyoandikwa “maumivu ya goti” peke yake hunikera: mpiga picha hajui kuna ajali, naye hufanya yale ya kawaida. Andikeni ajali, andikeni “mwali mlalo”. Vilevile, kukosekana kwa mstari hakumwondolei mgonjwa mashaka, kwani kifuko cha kiungo kikichanika, mafuta hutokea nje.

Jambo la mwisho ni kifundo cha mguu kilichopinduka. Mwaka 1840 daktari wa upasuaji Maisonneuve wa Ufaransa alieleza jinsi nguvu inayokizungusha kifundo inavyoweza kupanda na kuvunja fibula karibu na goti. Kwa hiyo bonyezeni fibula yote hadi juu, na ikiuma huko ombeni picha ya muundi mzima, viungo vyote viwili vikionekana.