Mvua imeshaanza Peramiho? Vuli yangu ya kwanza Ujerumani na mafungo ya St. Ottilien

Tumsifu Yesu Kristo, watu wangu. Shikamooni wakubwa wote mnaonitazama, na wadogo zangu hamjambo. Mama, najua unatazama kwa simu ya mamdogo. Nipo mzima, nakula vizuri, na koti nimenunua, lile zito ulilonisisitiza.

Ngoja niwageuzie kamera muone. Haya, hii ndiyo njia ninayopita kila siku kwenda darasani hapa Freising, mji mdogo ulio kaskazini mwa Munich. Nilipofika mwezi wa tisa ilikuwa kijani tupu. Sasa tazameni: chini njano, juu matawi matupu, na ule pale wenye rangi ya kutu ndio mti wanaouita Buche. Vitabu vyetu vinayaita majira haya vuli, na mimi nimeliweka neno hilo kwenye jina la video, lakini kila nikilitamka nasikia mvua. Kwa watu wa Dar na Tanga vuli ni mvua za mwisho wa mwaka. Sisi wa Songea hata hiyo vuli hatuna. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza kama mwezi wa kumi na moja, inatuacha mwezi wa nne.

Nasomea misitu, kwa hiyo mniruhusu nikae hapa kidogo. Nyumbani mwezi wa tisa na wa kumi, kabla tone la mvua halijadondoka, miombo inachipua majani mapya, na yanatoka mekundu. Aliyepita barabara ya Songea kwenda Namtumbo kipindi hicho anajua ninachosema, msitu mzima unawaka. Wekundu ule ni utoto wa jani. Hapa ni kinyume chake. Siku zikianza kufupika, mti unavunja klorofili yake, ile rangi ya kijani ya majani, unarudisha ndani kile kinachofaa kuhifadhiwa, na ile njano iliyokuwa imefichwa na kijani ndiyo inajitokeza, halafu jani linaanguka. Nilikuwa nayajua haya, nimeyafanyia mtihani. Lakini ile wiki ya kwanza milima ilipogeuka rangi, mwili wangu uliniambia mvua inakuja, tukaandae shamba. Ilinichukua siku kadhaa kukubali kwamba kinachokuja ni baridi.

Halafu giza. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, saa 9 usiku inakuwa tena saa 8. Kuanzia siku hiyo ninyi mko mbele yetu kwa saa mbili, si moja, kwa hiyo mnaonipigia usiku naomba mkumbuke hilo. Jumatatu yake nikatoka maabara saa 11 na nusu jioni, nje usiku umeshaingia. Na wenzangu wananiambia bado, Desemba jua linazama saa 10 na dakika 20.

Sijawahi kusema hili kwenye chaneli. Tangu nihamie kwenye jengo ninaloishi, sijasikia mtu hata mmoja akipiga hodi mlangoni kwangu. Si kwamba watu ni wabaya. Wananisalimia kwenye ngazi, jirani mmoja alinisaidia kubeba godoro. Lakini hodi hakuna. Nilikuwa nasonga ugali wangu, unga nautoa kwenye duka la Waafrika kule Munich, nakula nimesimama pale pale jikoni, kwa sababu kukaa mezani peke yangu kulikuwa kunaniliza. Na sala ikaanza kunitoka. Mnajua kwetu mwezi wa kumi ulivyo, jumuiya inapita nyumba kwa nyumba na Rozari, leo kwa huyu, kesho kwa yule, watoto wanabeba viti. Mimi Oktoba nzima nimesali Rozari siku nne. Nimehesabu.

Najua wengi mnasubiri niongelee fedha za viza. Kwa kifupi: kwenye akaunti ile maalumu ya benki, ya kuthibitisha kwamba nina fedha za kuishi, mimi nilitakiwa kuonyesha euro 11,904 za mwaka mmoja, na kila mwezi naruhusiwa kutoa 992. Video yake nitafanya. Leo nivumilieni.

Basi jumuiya ya wanafunzi Wakatoliki wakatuma tangazo: mafungo ya wikendi, yaani siku za sala na ukimya, mwanzoni mwa Novemba, Ijumaa jioni hadi Jumapili, mahali ni abasia, yaani monasteri, ya St. Ottilien. Nikasoma lile jina mara tatu.

Kwa ambao hamtoki Ruvuma, nieleze. Wabenediktini, wale wamonaki wa Kikatoliki waliojenga misheni za Peramiho na Ndanda kusini mwa Tanzania, walitoka huko. Mwanzilishi wao aliitwa Andreas Amrhein, alianza mwaka 1884, na mwaka 1887 walihamia pale palipo na kanisa dogo la Mtakatifu Otilia. Mwaka huohuo wakatuma watu wa kwanza Afrika Mashariki, wakafikia Pugu. Miaka 11 baadaye, 1898, wakafika Peramiho. Mimi nimezaliwa hospitali ya misheni Peramiho. Kitabu cha sala alichoniachia bibi kimechapwa Peramiho. Seremala aliyetengeneza dawati nililokalia darasa la kwanza alifundishwa na mabruda. Nimekulia ndani ya kazi ya mikono ya watu hawa, na sikuwahi kujiuliza na wao walitoka kwenye tope la wapi.

Unapanda treni ya S4 kutoka Munich mpaka Geltendorf, unabadilisha, kituo kinachofuata ni chenyewe. Abasia ina kituo chake cha treni. Nikashuka saa 11 jioni, ukungu, harufu ya samadi ya ng'ombe, kengele inalia. Nikasimama na begi langu. Kanisa katikati na mnara wake, huku shule, kule zizi na mashamba, karakana, uchapaji. Watu wangu, ilikuwa ni Peramiho. Miaka yote nilidhani Peramiho iko vile kwa sababu ni Peramiho. Kumbe wale watu walikuja na ramani ya nyumbani kwao kichwani, wakaipanga upya kwenye ardhi ya Wangoni. Na mimi niliyekuwa natembea Ujerumani miezi miwili kama mgeni kabisa, pale nilijua jikoni patakuwa upande gani kabla sijaonyeshwa.

Tulikuwa wanafunzi kama 20, wengi Wajerumani, na wengine kutoka India, Brazili na Polandi. Kuanzia usiku wa Ijumaa hadi chakula cha mchana Jumamosi tulikuwa kimya. Simu tuliziweka kwenye kikapu. Nilidhani ukimya utanizidishia upweke, kwa sababu tayari naishi kimya. Haikuwa hivyo. Kukaa kimya mezani na watu 20, huyu anakusogezea mkate, yule anakumiminia chai, ni kitu tofauti kabisa na kukaa kimya peke yako ukutani. Nilikula nimekaa.

Masifu ya asubuhi tulikwenda bado giza. Wamonaki wanaimba Zaburi upande kwa upande, wa kulia wanaimba mstari, wa kushoto wanajibu, bila haraka yoyote. Kijerumani changu hakifiki huko. Lakini kwenye kile kijitabu cha ibada namba za Zaburi zimeandikwa, kwa hiyo nilifungua kitabu cha bibi, nikatafuta namba, nikawa nasoma kwa Kiswahili midomo ikicheza tu. Mstari wao unaisha, na wangu unaisha.

Mchana tukaenda kwenye makumbusho yao ya misheni. Humo mna wanyama waliokaushwa, vinyago, ngoma, silaha, vitu vya nyumbani vya watu wetu. Wenzangu waliniangalia kana kwamba nitawafafanulia. Sikuweza. Kila kitu mle ndani kilikuwa na mwenyewe, kuna mtu alikishika mkononi asubuhi moja hakujua kitalala Bavaria.

Na hapo ikabidi nifikirie 1905, mwaka wa Vita vya Maji Maji, watu wetu walipowainukia Wajerumani waliokuwa wanatutawala. Askofu Cassian Spiss, yuleyule aliyeanzisha Peramiho, aliuawa tarehe 14 Agosti 1905 akiwa safarini kuelekea Liwale, yeye na mabruda wawili na masista wawili. Misheni ya Peramiho ikachomwa moto. Halafu jeshi la Wajerumani likaja kwetu. Tarehe 27 Februari 1906 wakawanyonga wazee wetu pale Songea, wakazikwa kaburi moja. Wakachoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza waliobaki. Kuna hesabu zinazofikisha waliokufa katika Vita vya Maji Maji 300,000. Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni ambaye mji wetu unaitwa kwa jina lake, inaaminika kichwa chake kililetwa huku Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea, akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa walionyongwa, akaahidi kusaidia kukitafuta. Mjomba wangu alikuwa amesimama nje ya uzio siku hiyo. Alirudi nyumbani hakusema kitu, akaenda moja kwa moja shambani.

Jioni tulitembea makaburini. Kuna makaburi ya wamonaki, na kuna makaburi mengine ya Wayahudi, ambayo sikuyategemea kabisa. Padre aliyetuongoza alitueleza kwamba Wanazi waliwafukuza wamonaki mwaka 1941. Vita ilipokaribia kuisha, mwaka 1945, Wayahudi walionusurika kambini waliletwa hapo, pakawa hospitali yao hadi 1948. Wengine walikuwa wamedhoofika mno, wakafia hapo. Na wengine wakapona, wakaoana, na zaidi ya watoto 400 wakazaliwa hapo hapo. Niliposikia hivyo nililia, na sikujificha. Watoto 400 na mimi, wote tumezaliwa mikononi mwa nyumba hii.

Novemba ni mwezi wa marehemu, mnajua. Usiku ule tulipewa vikaratasi tuandike majina ya marehemu wetu, yasomwe kwenye Misa ya Jumapili. Niliandika jina la bibi. Nikaandika Cassian Spiss na wanne waliokufa naye. Halafu nikaandika Nduna Songea Mbano na wenzake walionyongwa. Nilikaa na ile kalamu muda mrefu. Niliogopa kwamba nikimweka Nduna karatasi moja na Askofu nitakuwa nimemkosea mmoja wao, au nimewakosea ninyi. Lakini nilikuwa mtoto wa wote wawili kabla sijaulizwa, na sikuwa na karatasi ya pili.

Jumapili padre aliyasoma. Alisoma "Songea Mbano" taratibu, akiyatafuta matamshi, katika kanisa la abasia iliyowatuma wamisionari kuja kwetu. Jina lilisikika mpaka nyuma.

Baada ya Misa nikiwa nje, bruda mmoja mzee sana akaja na fimbo yake, akanishika mkono. Akaniambia kwa Kiswahili, kile Kiswahili cha kusini kabisa, "Mwanangu, ni wewe uliyeandika Mbano? Unatoka wapi?" Nikamwamkia, akaitika marahaba. Nikamwambia Peramiho. Nilidhani ataniuliza habari za abasia, au za abate. Akatazama juu kwenye ukungu, akaniuliza, "Mvua imeshaanza?"

Watu wangu, sikuwa na jibu. Mwezi mzima nilikuwa natazama hali ya hewa ya Freising tu. Nilimwambia, "Sijui, Bruda, nitauliza nyumbani." Akasema nisisahau, kwa sababu mwaka aliofika yeye mvua ilichelewa na anakumbuka mahindi yalivyokuwa.

Mama anakumbuka nilivyompigia nikiwa pale kituoni. Hata salamu sikumaliza. Akaniambia imenyesha usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa fujo, na baba ameshaingia shambani. Treni ilikuwa inaingia. Nikaiacha ipite, nikarudi kwa miguu nikagonga mlango wa abasia, nikapiga hodi kwa sauti kama tulivyozoea, nikampelekea bruda majibu yake.

Treni iliyofuata ilikuja baada ya saa moja. Nilisali Rozari pale kwenye benchi.

Novemba bado ina wiki tatu. Jumapili ijayo jumuiya yetu ya Freising ina Misa ya marehemu, nami nimeomba niandae karatasi ya majina. Niandikieni ya kwenu hapo chini, majina tu, hata kama ni ya zamani sana, hata kama kaburi halijulikani lilipo. Nitayaandika yote kwa mkono.