Mfalme Richard wa Tatu na Watoto wa Dada Yake

Mabibi na mabwana, kabla sijaanza niwape zoezi dogo. Ni wangapi humu wanaoweza kumtaja mama yake bibi mzaa mama? Naona mikono mitatu. Na baba yake babu mzaa baba? Haya, mikono imejaa ukumbi. Basi mmenirahisishia kazi, maana makabaila wa Uingereza walikuwa na kumbukumbu za namna hiyo hiyo. Cheo kilirithiwa kuumeni, ardhi kuumeni, jina kuumeni. Binti akiolewa, jina lake linazama ndani ya ukoo wa mume, na anayemtafuta lazima apige mbizi.

Richard wa Tatu, mfalme wa mwisho wa ukoo wa Plantagenet, aliuawa vitani Bosworth tarehe 22 Agosti 1485. Alikuwa na miaka 32. Watawa wa Kifransisko wa mjini Leicester walimzika kanisani kwao. Baadaye Henry wa Nane akazifunga nyumba za watawa, kanisa likabomolewa na kaburi likapotea. Mwaka 2012 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Leicester walichimba kwenye maegesho ya magari, wakakuta mifupa ya mwanamume mwenye uti wa mgongo uliopinda na fuvu lenye majeraha ya silaha. Kila mtu alimdhania ni yeye. Lakini kudhani ni kudhani tu. Ili kupata hakika, alihitajika ndugu aliye hai, atoe mate yapimwe.

Uzao wake mwenyewe haujulikani. Mwanawe halali alifariki 1484, akiwa mtoto. Ikabidi watafiti wageukie ndugu zake, na hapo pana njia mbili. Kuna DNA ambayo baba humpa mwana wa kiume peke yake, yaani ya kromosomu Y. Na kuna DNA ya mitokondria, ambayo mama huwapa watoto wake wote, lakini ni mabinti tu wanaoweza kuipitisha mbele. Ya kwanza inafuata kuumeni tupu, ya pili kuukeni tupu.

Njia ya kuukeni ilianza kwa dada yake mkubwa, Anne wa York. Huyu aliachana na mume wake wa kwanza, Duke wa Exeter, akaolewa na Sir Thomas St Leger, akafariki mwaka 1476 akiacha kitoto cha kike kilichoitwa Anne kama mama yake. Miaka saba baadaye St Leger alijiunga na uasi dhidi ya shemeji yake, na shemeji mtu, akiwa ndiye mfalme, akaamuru akatwe kichwa. Kwa hiyo kile kitoto kilikuwa yatima pande zote mbili, na upande mmoja ni kwa amri ya mjomba wake. Mjomba hasa, kaka wa mama. Waingereza wana neno moja tu kwa mjomba, ami na baba mdogo, nami nikisoma vitabu vyao hupoteza muda mwingi kujua ni nani anayesemwa.

Anne huyo alikua, akaolewa katika ukoo wa Manners. Mwanawe Thomas akawa Earl wa Rutland mwaka 1525, na vitabu vya nasaba vikamkimbilia huyo. Lakini kwa kazi yetu Thomas ni njia iliyoziba. Tunayemtaka ni dada yake, Catherine, aliyeolewa na Sir Robert Constable kule Yorkshire. Kisha binti wa Catherine, na binti wa binti, kila kizazi na jina jipya, na kila kizazi hadhi inapungua kidogo kidogo, mpaka huwezi tena kuwaita makabaila.

Mtu huwafuataje watu wa namna hiyo? Kwa karatasi. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Henry wa Nane, aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Kabla ya hapo una hati za mirathi, na zile za uchunguzi uliofanywa kila alipofariki mtu aliyeshika ardhi ya mfalme: ameacha nini, mrithi ni nani, ana umri gani. Baada ya Julai 1837 kuna vyeti vya serikali. Kuna pia ofisi ya London inayotunza nembo na nasaba za koo, College of Arms, iliyopewa hati yake ya kwanza mwaka 1484. Na aliyeitoa hati hiyo? Richard huyu huyu.

Mwanahistoria John Ashdown-Hill ndiye aliyeufuata uzi huo akafika Kanada, kwa mama mmoja mwandishi wa habari aliyestaafu. Wakati huo hakuwa akimtafuta Richard hata kidogo. Alitaka kutambua mifupa iliyodhaniwa kuwa ya dada mwingine, Margaret, aliyefia Mechelen, Ubelgiji. Mama yule alifariki kabla maegesho hayajachimbwa, lakini alikuwa na mwana aliyekuwa akiishi London, fundi seremala. Vinasaba vyake vikalingana na vya mifupa. Baadaye mtafiti Kevin Schürer akapata mstari wa pili wa kike kutoka kwa Catherine yule yule, na mwanamke wa mstari huo alitofautiana na mfalme mahali pamoja tu.

Sasa kuumeni, ambako kila kitu kimeandikwa kwa fahari na mihuri. Hapa walipanda hadi kwa Edward wa Tatu, babu wa Richard wa vizazi vinne, wakashuka kwa mwanawe mwingine, John wa Gaunt, hadi kwa Duke wa tano wa Beaufort, aliyefariki 1803. Viungo 19 vya baba na mwana. Wanaume watano walio hai wa uzao wa Duke huyo walipimwa. Wanne walifanana wao kwa wao, wa tano akawa tofauti nao, na hakuna hata mmoja aliyelingana na mfalme.

Maana yake, mahali fulani baba aliyeandikwa siye aliyezaa. Mnacheka. Wahenga wetu walishasema kitanda hakizai haramu: aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye nyumba, basi. Sheria ya Uingereza nayo ilikuwa na mwelekeo huo. Ukoo wenyewe una matawi mawili ya nje ya ndoa yanayojulikana wazi: watoto wa John wa Gaunt na Katherine Swynford, waliohalalishwa 1397, na baadaye Charles Somerset, wa uzao wao. Hao walikubaliwa na baba zao, kwa hiyo si wao tatizo. Uzi ulikatika mahali ambapo hakuna aliyeandika. Kuhusu John wa Gaunt mwenyewe kulikuwa na uvumi kwamba ni mtoto wa mchinja nyama, ila vipimo havionyeshi ni kiungo kipi kati ya vile 19, na anayewaambia anakijua anawauzia maneno.

Yule seremala, ambaye DNA ile ya mitokondria hatamrithisha mtu, maana ni mwanamume, alipewa kazi moja zaidi. Alichonga jeneza la mwaloni, na tarehe 26 Machi 2015 mjomba wake wa mbali alizikwa ndani yake katika Kanisa Kuu la Leicester.